Mashine Inapokuwa Rahisi, Somo Linakwenda Wapi?

*Hotuba hii niliitoa mbele ya walimu wa somo la kompyuta. Wenzetu wengi hawakuweza kufika wakaomba maandishi. Naiweka yote kama nilivyoisema, isipokuwa picha nilizoonyesha ukutani.*

Walimu wenzangu, wazazi mliotenga muda wenu, na nyinyi wanafunzi mliojibanza kule nyuma, hamjambo?

Nimepewa nusu saa nizungumzie jinsi mitaala ya kompyuta ilivyobadilika. Nusu saa kwa miaka sabini na ushei! Kwa hiyo sitasimama kila kituo. Nitawaambia jambo moja ambalo limenisumbua miaka yote niliyofundisha, kisha nitaleta visa, nanyi mtapima wenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Kila mara mashine ilipokuwa rahisi kutumia, tulidhani somo nalo limekuwa rahisi. Tukalipunguza. Tukabaki na kutumia, tukaacha kuelewa. Halafu miaka kumi au ishirini baadaye tukarudi kukiokota kile tulichokitupa. Tumefanya hivyo zaidi ya mara moja, na naogopa kwamba sasa hivi, tukiwa tumekaa humu, tunajiandaa kufanya hivyo tena.

Tuanze pale ambapo hapakuwa na mwalimu wala kitabu. Mwaka ni 1945, mji ni Philadelphia, Marekani. Wanawake sita wanachaguliwa kuifanyisha kazi ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, yenye vali (mirija ya kioo iliyofanya kazi kama swichi) zinazokaribia 18,000. Naomba niwataje, kwa sababu kwa miaka mingi hawakutajwa: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Kabla ya hapo kazi yao ilikuwa kukokotoa kwa mkono njia ya kombora la mzinga angani, na cheo chao kiliitwa “kompyuta”. Ndiyo, ndugu zangu, kompyuta alikuwa mtu.

Mashine ilikuwa siri ya jeshi, na mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuingia chumba ilimokuwa. Wakapewa michoro ya nyaya na saketi. Hapakuwa na maelezo ya matumizi. Hapakuwa na lugha ya programu. Wakaikalia michoro ile, wakaulizana, wakawatafuta wahandisi, wakarudi kwenye michoro. Wakaielewa mashine kiasi kwamba baadaye, ilipoharibika, waliweza kufuatilia kosa mpaka kwenye vali moja iliyoungua. Moja kati ya 18,000! Siku mashine ilipoonyeshwa kwa umma, Februari 1946, programu ya maonyesho ilikuwa imeandaliwa na Betty Jennings na Betty Snyder, na sifa zikaenda kwa wengine.

Kwa nini naanza na kisa hiki? Kwa sababu darasa la kwanza kabisa la kompyuta lilikuwa darasa la kuelewa. Hapakuwa na njia ya mkato ya kutumia bila kujua. Mashine ngumu iliwalazimisha.

Shule rasmi zikaja baadaye. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilichokuwa na kompyuta yake ya EDSAC tangu 1949, kilianzisha stashahada ya mwaka mmoja mwaka 1953. Ukitazama kilichofundishwa, utadhani ni darasa la hisabati lililopata mashine, na ndivyo lilivyokuwa. Mwaka 1962 Purdue, Marekani, wakafungua idara ya sayansi ya kompyuta, ya kwanza nchini humo. Mwaka 1968 ACM, chama cha Marekani cha wataalamu wa kompyuta, kikatoa mtaala wa kwanza mkubwa wa shahada, ambao vyuo vingi viliufuata au kubishana nao. Nao ulijaa hisabati. Wakati huo watu walikuwa bado wanauliza kama hii ni sayansi kweli au ni ufundi tu wa kuhudumia mashine.

Sasa twende kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Ni saa kumi alfajiri, tarehe 1 Mei 1964, chuo cha Dartmouth, Marekani. Mwalimu mmoja, John Kemeny, na mwanafunzi mmoja wameketi kila mtu kwenye mashine yake ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta moja. Wote wawili wanaandika RUN, yaani “endesha”, kwa pamoja. Wote wawili wanapata jibu sahihi. Kompyuta moja imewahudumia watu wawili kwa wakati mmoja, kwa lugha mpya inayoitwa BASIC.

Huenda kwenu nyinyi vijana hilo si kitu. Lakini fikirini kilichokuwapo kabla yake. Mwanafunzi aliandika programu yake kwenye kadi za kutobolewa, akapeleka furushi dirishani, akaondoka. Akarudi baada ya saa nyingi, pengine kesho yake, kuchukua karatasi inayomwambia kwamba amesahau koma. Koma moja, siku nzima! Sasa Kemeny na mwenzake Thomas Kurtz walikuwa wanasema: hapana, jibu lije papo hapo. Na walisema jambo kubwa zaidi. Walisema somo hili si la wanahisabati na wahandisi peke yao, mwanafunzi wa historia naye aguse. Na sehemu kubwa ya mfumo ule iliandikwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Walimu, hilo mlisikie vizuri: wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Je, hapo tulipunguza somo? Mimi nasema hapana. Kemeny na Kurtz walirahisisha mlango, nyumba wakaiacha kama ilivyo. Mwanafunzi wa historia aliyeingia bado alilazimika kuandika programu yake mwenyewe, mstari kwa mstari.

Lakini si wote waliofurahi. Mwaka 1975 mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra wa Uholanzi aliandika kwamba ni karibu muhali kumfundisha programu nzuri mwanafunzi aliyewahi kuguswa na BASIC. Maneno mazito, na kwa maoni yangu ni ya dhuluma kwa mamilioni waliofunguliwa macho na lugha ile. Ila alikuwa na hoja: programu ya BASIC ya siku zile iliruka huku na huko hadi mwandishi wake mwenyewe akapotea. Niklaus Wirth wa Uswisi alikuwa ameshatoa Pascal mwaka 1970, lugha aliyoibuni kwa ajili ya kufundishia utaratibu, na Pascal ikatawala madarasa kwa miaka mingi. Mtihani wa AP, ambao wanafunzi wa sekondari wa Marekani huufanya ili kujipatia sifa za chuo, ulianza 1984 kwa Pascal. Kufikia 1999 ukahamia C++. Miaka michache baadaye, Java. Leo vyuo vingi vinaanza na Python.

Kila uhamisho ulileta vikao, vitabu vipya, walimu kurudi kusoma, na ugomvi. Nimekaa kwenye ugomvi wa namna hiyo, na nasema kwa uchungu: muda mwingi ulipotea. Tulibishania chombo. Mwanafunzi anayejua kuligawa tatizo vipande vipande huhama lugha kwa wiki chache. Asiyejua, mpe lugha yoyote uitakayo, atabaki palepale.

Niwape kitu cha kufanya darasani kesho asubuhi. Mwaka 1967 Seymour Papert, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walibuni Logo, lugha ya watoto. Baadaye kidogo ikapata kobe, kwanza wa kweli anayetembea sakafuni, kisha wa kwenye skrini, na mtoto humwamuru: nenda mbele, geuka kulia. Mwambie mtoto amfanye kobe achore pembetatu yenye pande sawa. Atakachofanya ni hiki, nimekiona mara nyingi sana: ataandika nenda mbele 100, geuka 60, mara tatu. Kwa nini 60? Kwa sababu amefundishwa kwamba kila pembe ya pembetatu hiyo ni nyuzi 60. Ataendesha programu, na kobe atachora kitu kama nusu ya kijumba cha sega la nyuki, kilichoachwa wazi upande mmoja.

Hapo ndipo somo linapoanza. Usimwambie jibu! Mwambie asimame, awe yeye ndiye kobe. Atembee hatua, ageuke, atembee. Akifika kona ataona mwenyewe kwamba mwili wake unageuka zaidi ya alivyodhani, kwa sababu anachogeuka ni ile pembe ya nje. Ni 120. Uso wake utabadilika. Wenzangu, kwa uso ule ndiyo maana mimi bado nafundisha. Papert alitaka mtoto alione kosa kama kitu cha kuchunguza, lisimtie aibu. Hakuna mtihani wa kuchagua jibu utakaompa mtoto kitu hicho.

Sasa niwapeleke mahali pawili palipofanya mambo kinyume kabisa.

Mahali pa kwanza ni Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1981, mkutanoni Lausanne, Uswisi, mwanasayansi Andrei Ershov alisema kwamba kuandika programu ni kusoma na kuandika kwa pili. Binadamu amejifunza kusoma vitabu, sasa ajifunze kupanga vitendo. Mnamo Septemba 1985 somo jipya likaingia katika shule zote za sekondari za nchi ile kubwa. Tatizo? Shule nyingi hazikuwa na kompyuta hata moja. Wanafunzi wakajifunza algoritimu, yaani hatua za kutatua tatizo kwa mpangilio, kwa kalamu na daftari. Waliandika programu kwenye karatasi na kuzifuatilia kwa kidole, mstari baada ya mstari, wao wenyewe wakiwa mashine. Na lugha waliyoandikia ilikuwa na maneno ya Kirusi, lugha yao. Neno la kuanza lilikuwa lao, neno la kumaliza lilikuwa lao. Huwa nalifikiria sana jambo hilo ninapomwona mwanafunzi amekwama kwenye neno la kigeni kabla hata hajalifikia wazo lenyewe.

Sisemi tufundishe bila mashine. Mtoto anayeandika programu asiyoiona ikifanya kazi anaonewa, na wengi wao waliona somo lile kavu. Lakini shikeni hili la kufuatilia kwa kidole. Nitalirudia.

Mahali pa pili ni Uingereza, na huku mashine zilikuwapo. Mwaka 1981 ilitoka kompyuta ya BBC Micro, ikaingia katika shule nyingi mno. Ukiiwasha ilipiga mlio wake, ikaandika neno BASIC, kisha ikanyamaza na alama ndogo inayokungoja. Inakungoja wewe uiambie cha kufanya! Mtoto hakuwa na pa kuponyokea. Ama aiandikie kitu, ama aizime.

Kisha mashine zikawa rahisi. Zikaja zenye madirisha na picha za kubofya. Je, somo likaenda wapi? Likawa TEHAMA. Kuandika barua, kutengeneza lahajedwali, kupamba slaidi. Mwaka hadi mwaka, slaidi. Wanafunzi wakachoka, na wenye akili ya kuuliza wakaondoka wakiamini kwamba hiyo ndiyo kompyuta. Agosti 2011 Eric Schmidt, mwenyekiti wa Google wakati huo, alisimama Edinburgh akawaambia Waingereza kwamba nchi yao inafundisha kutumia programu bila kuonyesha zinavyotengenezwa, na kwamba inaitupa sifa yake kubwa ya kale katika fani hii. Januari 2012 Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, ikatoa ripoti ikisema karibu yaleyale kwa ushahidi mwingi. Septemba 2014 shule za Uingereza, upande wa England, zikaanza mtaala mpya: watoto wa miaka mitano wanajifunza algoritimu ni nini na kurekebisha makosa katika programu ndogo.

Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga. Lakini mwaka 2017 Royal Society walirudi kutazama, wakakuta mafundisho yana viraka na bado ni dhaifu. Kwa nini? Kwa sababu mtaala ulibadilishwa kwa tangazo, ila mwalimu habadilishwi kwa tangazo. Yule aliyefundisha slaidi Juni alitarajiwa kufundisha algoritimu Septemba. Naomba wenye mamlaka mlio humu mnisikilize hapa hata kama mengine yote mtayasahau: kila shilingi inayowekwa kwenye vifaa bila kumwandaa mwalimu ni kumimina maji kwenye pakacha.

Kuna swali jingine ambalo mitaala haikujiuliza kwa miaka mingi: nani ameketi darasani?

Nilianza na wanawake sita. Mwaka 1984 nchini Marekani wanawake walikuwa takriban asilimia 37 ya waliopata shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta. Baadaye idadi ikaporomoka hadi chini ya asilimia 20. Ni nini kilitokea? Kompyuta ziliingia majumbani, zikatangazwa kama vitu vya wavulana, zikawekwa vyumbani kwa wavulana. Walipofika chuoni, walimu wakaanza somo pale walipoishia wale waliochezea kompyuta tangu utotoni. Msichana mwenye hisabati safi alijikuta siku ya kwanza amechelewa kwa miaka kumi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini katika madarasa yale kuuliza kulikuwa aibu.

Chuo cha Carnegie Mellon kiliamua kuchunguza. Jane Margolis na Allan Fisher walikaa na wanafunzi, wakawahoji, wakasikiliza. Chuo kikabadilisha mambo: uzoefu wa awali ukaacha kuwa kigezo cha kupokelewa, wanaoanza wakapewa njia yao ya kuingilia, na masomo yakaonyesha mapema kompyuta inamsaidia nani. Mwaka 1995 wasichana walioingia walikuwa asilimia 7. Mwaka 2000, asilimia 42. Miaka mitano! Hawakushusha kiwango. Waliuhamisha mstari wa kuanzia. Nawasihi, mkirudi shuleni kwenu, tazameni kazi yenu ya wiki ya kwanza. Inamkaribisha nani, na inamfukuza nani kimyakimya?

Basi tufike leo.

Novemba 2022 ChatGPT ilifunguliwa kwa umma. Mwanafunzi sasa anaeleza anachotaka kwa maneno ya kawaida, na programu inaandikwa mbele ya macho yake. Mashine haijawahi kuwa rahisi namna hii. Mtaala wa hivi karibuni wa vyuo, wa 2023, uliotayarishwa na ACM na vyama vingine viwili vya wataalamu, IEEE Computer Society na AAAI, umeipa akili unde (AI) nafasi kubwa pamoja na maadili na athari kwa jamii, nami naunga mkono. Lakini tayari nimesikia sauti, nyingine za watu ninaowaheshimu, zikisema: kwa nini tuwachoshe watoto na vitanzi (sehemu za programu zinazojirudia) na masharti wakati mashine inaandika yote? Tuwafundishe kuagiza tu.

Kuagiza tu! Ndugu zangu, hamwisikii TEHAMA ikigonga mlango, imevaa nguo mpya?

Mimi siwakatazi wanafunzi wangu kutumia akili unde. Nimebadilisha ninachowapima. Mtihani wangu sasa unakuja na programu iliyokwisha kuandikwa, inayoendeshwa bila kulalamika, na yenye kosa ndani yake. Kazi ni kulipata na kulieleza. Pia natenga saa nzima kila wiki ya kusoma programu ya mtu mwingine kwa sauti, kwa kalamu na jedwali, kama walivyofanya wale wanafunzi wa Kisovieti wa 1985. Naomba watunga mitaala waipe kazi hii muda unaotambulika kwenye ratiba, isiwe wema wa mwalimu mmoja mmoja.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea programu ya kutafuta wastani wa alama za wanafunzi kumi. Iliandikwa na akili unde, yeye akairekebisha kidogo. Nadhifu kweli. Nikamwuliza, “Inafanya kazi?” Akasema, “Ndiyo, mwalimu, inatoa jibu.”

Nikamwambia, wape wanafunzi wote kumi alama 60. Wastani utakuwa ngapi? Akacheka, swali rahisi: 60. Akaendesha. Skrini ikaandika 54.

Akaendesha tena, kana kwamba mashine ilikuwa imeteleza. 54. Akatazama skrini, akanitazama. Nikasogeza karatasi na penseli. Tukachora jedwali, safu ya namba ya mzunguko, safu ya alama, safu ya jumla. Orodha ya Python huhesabiwa kuanzia sifuri, na kitanzi chake kilianza kwenye moja na kukoma kwenye tisa. Sikumwambia. Alishuka na penseli mstari kwa mstari, akijaza: 60, 120, 180. Alipofika 540 kitanzi kikaisha. Akahesabu mistari kwa kidole. Tisa. Akarudi juu ya jedwali, akatulia pale kwa muda.

“Mwalimu,” akasema polepole, “mtoto wa kwanza hayumo. Hajahesabiwa.”

Akavuta kibodi, akafuta moja, akaweka sifuri. Kabla hajaendesha alijizuia, akaandika 60 kwa penseli chini ya jedwali, kisha ndipo akabonyeza.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.